Viboko 29,000 hadi 1,200: nani aliwahesabu, angani au mezani?

#1 Chukudu_wa_Birere
Wakubwa, jambo. Kila kukitokea kitu katika mbuga yetu ya Virunga, mashariki mwa Kongo, tunapewa namba. Aprili 2025 viboko zaidi ya hamsini walikufa kwa kimeta upande wa mto Ishasha, mizoga ikaelea mpaka Ziwa Edward, na katika habari hizohizo tukaambiwa mbuga nzima ina viboko karibu 1,200. Tena kila gazeti linakumbusha kwamba miaka ya 1970 walikuwa karibu 29,000. Haya. Kiboko mchana kutwa yuko majini, anatoa pua na masikio tu. Mtu aliye ndani ya ndege anampataje? Mimi nasema namba hizi zinaandikwa mezani ili wafadhili wafungue mifuko. Anayebisha aje na maelezo.

#2 DadaNdosho
Asubuhi yote hii umeshaanza? Subiri Papa Vitshumbi aamke, utajua leo.

#3 Sambaza_Fresh
1,200 ao 1,201? Ule mwenye alikuwa anazama wakati ndege inapita, walimwandika wapi?

#4 Rubani_Mstaafu
Sambaza unacheka, lakini swali lako ndilo swali lenyewe. Nimewahi kurusha ndege za kuhesabu wanyama, si hapa tu, kwa hiyo nieleze kidogo.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu wote: unagawa eneo vipande, unapita mistari karibukaribu mpaka umemaliza kila kipande. Hiyo inafaa tembo na nyati kwenye tambarare kama Rwindi, maana ni wakubwa na wanakaa makundi. Ya pili ni sampuli: unaruka mistari iliyonyooka yenye nafasi sawa kati yake, na unahesabu tu wanyama walio ndani ya ukanda fulani pande zote mbili za ndege. Ukanda huo unatokana na fito mbili zilizofungwa kwenye mhimili wa bawa. Aliyekaa nyuma anaangalia kati ya fito tu. Mnyama akiwa nje ya fito, hata awe tembo mwenye pembe za kufika chini, humwandiki.

Ndege ni ndogo, bawa juu, aina ya Cessna, ili bawa lisikuzibe macho. Urefu kutoka ardhini ni mita tisini hadi mia hivi. Rubani kazi yake kubwa ni kushika urefu huo, kwa sababu ukipanda ukanda unapanuka, ukishuka unakuwa mwembamba, na hesabu yote inaharibika. Kwenye vilima ni mateso.

Kiboko ana utaratibu wake. Kwa kiboko hatukati mistari, tunafuata mto na ukingo wa ziwa, maana vikundi vyao vina mahali vinapokaa. Unapita, unapiga picha, unazunguka, unapiga tena. Picha zinahesabiwa baadaye, mtu ametulia kwenye kiti.

#5 Chukudu_wa_Birere
Aksanti papa. Lakini umenisaidia mimi, hukunipinga. Ukiruka mistari ukaangalia kipande kimoja katika kumi, hao tisa wengine unawatoa wapi? Unazidisha! Kuzidisha ni kazi ya mezani.

#6 Mwalimu_Himbi
Chukudu, kuzidisha si kosa, kosa ni kuzidisha bila kusema unaweza kukosea kiasi gani. Tangu 1969 kuna hesabu ya mtaalamu anaitwa Jolly, ndiyo inayotumika sana Afrika kwa kazi hii. Kila mstari unauchukua kama shahidi mmoja. Kama mistari yote inaleta kitu kinachofanana, wanyama ishirini, ishirini na mbili, kumi na tisa, basi jumla yako ina uzito. Kama mstari mmoja una sifuri na wa pili una mia nne, jumla inaweza kuwa ileile, lakini kando yake unaandika "kuongeza au kupunguza" namba kubwa sana. Gazeti linapochapa linafuta hiyo "kuongeza au kupunguza" na kubakiza namba moja safi. Hapo ndipo wewe unapokasirika, na una haki nusu.

Wanyama wa makundi makubwa ndio wanaosumbua. Nyati mia tano wakiwa kichaka kimoja, ama mstari wako unawapitia wote ama unawakosa wote.

#7 Katindo_Fils
Historia kidogo. Walioanzisha mambo haya kwa sifa kubwa ni Wajerumani wawili, baba na mwana, Bernhard na Michael Grzimek, huko Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950. Walikuwa na ndege ndogo ya Dornier waliyoipaka milia kama punda milia. Walipata nyumbu karibu laki moja. Yule kijana akafa ndege ilipogonga mlima.

#8 Rubani_Mstaafu
Katindo, si mlima. Ni tumbusi. Januari 1959 ndege iligongana na ndege-mnyama mkubwa angani, ikaanguka, Michael akafa. Kaburi lake liko Ngorongoro, na baba yake akazikwa hapohapo miaka mingi baadaye. Marubani wote wa kazi hii wanaijua hadithi hiyo, maana kule chini tunakoruka ndiko tumbusi wanakoruka pia, na kwenye mizoga wanakuwa wengi.

#9 Katindo_Fils
Tumbusi ao mlima, ndege ilianguka 😄. Lakini nilikuwa sijamaliza. Kutoka nyumbu laki moja miaka ya 1950 wakafika zaidi ya milioni moja miaka ya 1970. Sasa Chukudu utasema walizidisha mezani. Jibu linalokubaliwa ni sotoka: ng'ombe wa pembeni walichanjwa, ugonjwa ukaacha kuua ndama wa nyumbu, wakaongezeka kweli.

#10 Bukavien_Ibanda
Yote yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Waliongezeka, na wale wa kwanza pia walihesabu kwa macho tu wakakosa wengi. Kwa macho, kundi la elfu tatu linaonekana elfu mbili. Ndiyo sababu picha ziliingia.

Mnajua hata leo nyumbu wa Serengeti wana ugomvi? Kwa miaka mingi tuliambiwa milioni 1.3, kutokana na picha za ndege. Mwaka 2025 wakatoka watafiti waliotumia picha za satelaiti na kompyuta ya kutambua wanyama yenyewe, wakapata hawafiki 600,000. Nusu! Wengine wakasema satelaiti haioni walio chini ya miti. Wengine wakasema hapana, makadirio ya zamani yalikuwa yanatoka kwenye kuzidisha, na nyumbu hawakai sawasawa kama mahindi shambani. Mpaka leo sijaona aliyewanyamazisha wengine.

#11 Chukudu_wa_Birere
Bukavien, Mungu akubariki. Laki saba za nyumbu zimepotea kati ya ofisi mbili!

#12 Papa_Vitshumbi
Jambo kwa wote. Nimesoma yote hii na minacheka.

Mie nimekulia Vitshumbi, kijiji ya wavuvi kando ya Ziwa Edward, baba mvuvi, mie mvuvi. Nisikilizeni vizuri. Wakati ule hatukuwa tunaomba ndege ituambie kama viboko viko. Usiku hulali. Vinapanda mu kijiji, vinakula majani karibu na nyumba, asubuhi unakuta mavi mpaka mbele ya mlango. Ukiwa mu pirogi unatoka, lazima mmoja akae mbele na fimbo, anaangalia maji, maana hujui kile kichwa kitatokea wapi. Mtu akisema 29,000, mie sina shida. Asingesema pia, ningejua ilikuwa mingi sana.

Kisha vita ikakuja. Kila mwenye bunduki alikula kiboko, hakuna wa kusingizia peke yake. Nyama ilikuwa inauzwa wazi, meno yanaenda njia yake. Pahali fulani mto Rutshuru unapoingia ziwani ulikuwa mweusi kwa migongo, leo unapita na moteri bila kupunguza mwendo.

Lakini nitawapa shauri moja juu ya ile ndege. Kiboko inajua sauti. Yenye ilipigwa risasi, ikisikia moteri ya aina yoyote inaingia chini, ao inaenda kujificha mu mafunjo. Kwa hiyo mimi naona wanakosa mingi. Si mezani, Chukudu. Ni kiboko yenyewe inakataa kuhesabiwa.

#13 DadaNdosho
Nilisema msubiri aamke.

#14 Rubani_Mstaafu
Papa Vitshumbi yuko sahihi kwa tabia, sina hakika kwa kiasi. Kiboko anaweza kubana pumzi dakika tano hivi, lazima atoke. Ndiyo maana unazunguka na kupiga picha mara kadhaa juu ya kundi lilelile, kisha unachukua picha yenye vichwa vingi zaidi. Na unakwenda asubuhi jua likishapanda kidogo, wakati wanaota jua kwenye mchanga. Ukienda wakati mbaya, hata mimi nisingekuamini.

Kwenye mafunjo nakubali. Hapo hatuoni kitu.

#15 Mwalimu_Himbi
Na hata kama wanakosa wengi, kama kila mara wanakosa kwa kiasi kilekile, mwelekeo unabaki. Mwaka 2003 walipata viboko kama 1,300 Virunga. Mwaka 2005 chini ya 900. Njia ileile, mito ileile. Huwezi kusema tofauti hiyo yote ni viboko waliojifunza kuogopa moteri ndani ya miaka miwili.

#16 Papa_Vitshumbi
Mwalimu, kwa heshima: miaka hiyo miwili ndiyo walipigwa zaidi. Kwa hiyo ndiyo walijifunza zaidi pia. Vyote viwili.

#17 Sambaza_Fresh
Mwalimu amepigwa knock-out na mvuvi 😂😂

#18 Mwalimu_Himbi
Pointi moja, si knock-out. Tuendelee.

#19 Sake_Mobile
Kwa nini hakuna anayesema kwamba walihama tu? Ng'ambo ya Ishasha ni Uganda, mbuga ya Queen Elizabeth, kule wako kwa maelfu. Kiboko hana pasipoti. Tembo tuliona: mwaka 2020 kundi la tembo karibu 580 waliingia Virunga kutoka Uganda. Mwaka mmoja kabla ungehesabu upande wetu ungesema tembo wamekwisha, mwaka huo ungesema wamezaliana kama panya. Wala si kuzaliana. Walivuka.

#20 Katindo_Fils
Hapo Sake umenena. Na Uganda wakihesabu Juni na sisi tukahesabu Agosti, tembo haohao wanaweza kuandikwa mara mbili. Ao wasiandikwe kabisa.

#21 Lushois_Kenya
Salamu kutoka Lubumbashi (Kenya hii ni komini, si nchi, msianze). Ninyi watu wa Kivu mnagombana juu ya maelfu, sisi tunagombana juu ya kumi.

Kwenye bonde la Upemba kuna swala wa majimaji anayeitwa lechwe wa Upemba. Wanasayansi walimtenga kama spishi mwaka 2005, haishi pengine duniani. Miaka ya 1970 walikadiriwa kama 22,000. Juzijuzi ndege ikapita juu ya vinamasi kumtafuta, ikaona kumi. Kumi kwa vidole vya mikono. Wakakadiria kwamba wote hawafiki mia. Na picha iliyopigwa katika kazi hiyo, iliyotolewa 2025, ndiyo picha ya kwanza kuchapwa ya mnyama huyo akiwa hai. Kwa hiyo, Chukudu, hapa picha haikuwa ya kuhesabia tu. Ilikuwa ushahidi kwamba yupo.

#22 Chukudu_wa_Birere
Kumi mpaka mia ni mara kumi, Lushois. Tumerudi kwenye kuzidisha.

#23 Lushois_Kenya
"Hawafiki mia" si "ni mia". Soma.

#24 Bukavien_Ibanda
Mimi naongeza kuni. Sokwe (gorila) wa mbuga ya Kahuzi-Biega na misitu ya jirani, wale wakubwa wa nyanda za chini za mashariki, ndege haina kazi kwao. Juu ya msitu unaona majani tu. Wanahesabiwa kwa miguu: unatembea mistari, unahesabu viota vya kulala, maana kila jioni kila mmoja anajenga kipya, unachukua na mavi. Sasa angalia. Mwaka 2016 wakatoa makadirio ya 3,800. Mwaka 2021 wakatoa 6,800. Sokwe jike anakaa miaka minne hivi kati ya mtoto na mtoto. Haiwezekani wameongezeka hivyo. Ni kwamba mara ya pili walifika mahali ambako mara ya kwanza hawakuweza kufika kwa sababu ya makundi yenye silaha.

Kwa hiyo shida wala si ndege. Ni wapi umefika na wapi hukufika.

#25 Mpiga_Picha_Keshero
Natafuta riziki kwa kamera, harusi na matanga, nina drone pia. Niwape upande wangu.

Watu wanadhani drone inamaliza ubishi. Kwa kiboko iko vizuri kweli: unaisimamisha mita arobaini hivi juu ya kundi, haina kelele kubwa kama Cessna, unachukua video mpaka wote wamepumua. Hapo unawaona hata walio chini kidogo ya maji kama maji ni masafi. Lakini Rutshuru si maji masafi, ni chai ya maziwa. Betri moja inakupa nusu saa ukiwa na bahati. Ziwa Edward lote ungehitaji lori la betri. Tena picha zinapandana, kiboko mmoja anaonekana kwenye picha tatu, na kama alisogea katikati, kompyuta inamfanya watatu.

Na kibali. Siku hizi hapa Goma nani atarusha drone? Nilikuwa na harusi moja Himbi, wageni wamekaa vizuri, nikainua drone kwa picha ya juu. Waliposikia ule mlio, hema likabaki na viti. Mama mmoja alikimbia na sahani yake ya makayabu. Tangu siku hiyo napiga kwa ngazi.

#26 DadaNdosho
Keshero, bibi harusi mlimkuta wapi? 😭

#27 Mpiga_Picha_Keshero
Ndani ya gari, amejifunga mkanda. Alikuwa mwenye akili kuliko wote.

#28 Mama_Data
Ningecheka pia lakini nataka kusema jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaokaa mbele ya skrini kuhesabu picha. Si viboko wa hapa, ila kazi ni ileile.

Tunapewa picha moja watu wawili, kila mmoja peke yake. Mwenzangu anapata 43, mimi 51. Tunakaa pamoja. Hili ni jiwe. Hapana, jiwe halina kivuli cha hivi. Huyu ni mmoja ao ni mama na mtoto amelala juu ya mgongo? Mnaweza kubishana juu ya doa moja mpaka chai inapoa. Mchana jua likiwa kichwani, vivuli vinakwisha na mnyama anapotea kwenye udongo. Vivuli virefu vinasaidia, nyakati nyingine unahesabu kivuli kwanza ndipo unamtafuta mwenye kivuli.

Kwa hiyo ndiyo, Chukudu, namba inaandikwa mezani. Picha ikishapigwa angani, itahesabiwa wapi kama si mezani? Lakini meza hiyo ina picha, na picha inabaki. Anayetaka kubisha anaifungua na kuhesabu upya. Macho ya mtu aliyepita na ndege yanakwenda naye nyumbani.

#29 Katindo_Fils
Mama Data, aksanti sana. Hii inaenda pamoja na jaribio moja la Tsavo, Kenya. Walilinganisha watu wa kuhesabu waliokaa nyuma ya ndege na kamera zinazojipiga zenyewe. Tembo, watu waliwakosa wachache tu. Twiga, wakakosa zaidi ya nusu! Twiga, mnyama mwenye shingo ya ghorofa mbili.

#30 Rubani_Mstaafu
Twiga anasimama wima kati ya miti iliyo wima. Ukiwa juu, shingo haikusaidii. Pia msidharau uchovu. Unaruka karibu kilomita mia na themanini kwa saa, unapewa sekunde chache kwa kila kipande cha ardhi, joto, ndege inarukaruka. Baada ya saa tatu jicho linaangalia bila kuona. Nimewahi kuwa na mhesabuji aliyetapika kwenye mfuko mkono wa kushoto na kuendelea kutaja swala kwa mdomo. Hao si watu wa kuandika uongo kwa ajili ya wafadhili.

#31 Sambaza_Fresh
Alitaja ngapi wakati anatapika?

#32 Rubani_Mstaafu
Wawili. Nao walikuwa mbuzi.

#33 Mwalimu_Himbi
Turudi. Kuna kipimo kingine ambacho hakijali sana kama umekosa nusu: mizoga. Katika ile sensa kubwa ya tembo wa savana iliyofanywa kwa ndege, matokeo yakatoka 2016, iliyolipiwa na tajiri Paul Allen, nchi 18, walihesabu walio hai na pia mifupa. Tembo walio hai walitoka 352,271. Halafu unauliza: katika kila tembo mia uliowaona, wafu na wazima kwa pamoja, wafu ni wangapi? Ikizidi nane hivi, ni dalili kwamba wanakufa wengi kuliko wanaozaliwa. Kwa jumla walikuta karibu kumi na wawili. Kama macho yako yanakosa, yanakosa wazima na wafu, uwiano haupindi sana.

#34 Papa_Vitshumbi
Kwa tembo, sawa. Kiboko yenye ilikufa mu maji inavimba, inaelea siku mbili tatu, watu wanaivuta na kukata. Baada ya hapo utahesabu mfupa gani? Na ya kimeta ile waliambia watu wasiguse, wazike na chokaa. Kwa kiboko hesabu ya mizoga haifanye kazi.

#35 Sake_Mobile
Pia mfupa wa tembo mkubwa kwenye nyasi fupi unaonekana, kwenye nyasi ndefu hauonekani. Waulize walioruka msimu wa mvua.

#36 Sambaza_Fresh
Mie swali yangu ni ya tumbo. Kama viboko vimepungua, samaki ingekuwa imeongezeka, hakuna mwenye kuharibu nyavu. Mbona tilapia ya Vitshumbi inafika Goma kidogo na bei haishikiki?

#37 Papa_Vitshumbi
Kinyume, mwanangu. Kiboko inakula majani nchi kavu usiku, mchana inakunya mu maji. Ile mavi njo chakula ya vidudu vidogo, vidudu njo chakula ya samaki. Wazee wetu walijua hiyo mbele ya wazungu kuandika. Kiboko ikaisha, samaki ikafuata.

#38 Katindo_Fils
Papa, na nyavu za matundu madogo? Na pirogi zisizo na kibali, na watu wanaovua mahali samaki wanapozalia? Msimtwike kiboko mzigo wote, hata mavi yake.

#39 Papa_Vitshumbi
Nyavu pia. Sikukataa nyavu. Wenye nyavu hizo wengi walikimbia vita, walikuta wapi kazi ingine?

#40 Bukavien_Ibanda
Chukudu amenyamaza. Nimletee mfano mmoja mchungu. Mbuga ya Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, kifaru mweupe wa kaskazini. Waliruka juu yake miaka na miaka, wakimjua karibu kila mmoja. Miaka ya 1980 walianza na kumi na tano, wakapanda hadi thelathini hivi, wakafika 2003 bado wapo. Mwaka 2006 ndege ikaona wanne tu. Baadaye hakuna. Leo duniani wamebaki majike wawili, mama na binti, wamefungwa kule Kenya. Hakuna mtu aliyepata faida kwa namba hiyo kushuka. Ingekuwa ni uongo wa kutafuta pesa, wangeacha angalau kifaru mmoja wa kuombea.

#41 Chukudu_wa_Birere
Sijanyamaza, umeme ulikata.

Garamba nakubali, wanyama thelathini unaweza kuwajua kwa majina. Mbuga ya kilomita za mraba 7,800 yenye vita ndani yake sikubali. Mama Data amesema picha zinabaki, vizuri. Ziko wapi? Mtoto wa Birere anaweza kuzifungua? Anayehesabu, anayetangaza na anayepokea msaada ni walewale. Hata wangekuwa malaika ningeuliza.

#42 Lushois_Kenya
Lakini fikiria, msaada unakuja mnyama akiwa anakwisha ao akiwa anaongezeka? Akikwisha: "tusaidieni". Akiongezeka: "mmeona kazi yetu, ongezeni". Hesabu yoyote inaleta pesa. Kwa hiyo hoja yako haitofautishi namba ya kweli na ya uongo.

#43 Chukudu_wa_Birere
Hiyo inanipa mimi nguvu, si wewe.

#44 Mama_Data
Kuhusu picha kuwekwa wazi kuna sababu ambayo si njama: picha yenye saa na mahali inamwonyesha na jangili. Kundi la viboko liko hapa, njoo. Kwa tembo ni vibaya zaidi. Hata hivyo picha za zamani, za miaka kumi iliyopita, sioni kwa nini chuo kikuu cha hapa kisipewe wanafunzi wakajifunzia. Hapo niko upande wa Chukudu.

#45 Sake_Mobile
Na kabla ya picha, wakubaliane na Uganda waruke siku moja, kingo zote mbili za Ishasha. Bila hivyo tutabishana mpaka viboko vizeeke.

#46 Rubani_Mstaafu
Siku moja, pande mbili, nchi mbili, vibali viwili vya anga, na hali ya sasa. Sake, unaota vizuri.

#47 DadaNdosho
Keshero, achana na viboko. Dada yangu anaolewa Desemba, ile ya ngazi ni bei gani?

#48 Mpiga_Picha_Keshero
Njoo inbox. Ngazi ni bure, ya kulipia ni kijana wa kuishika.

#49 Papa_Vitshumbi
Rubani, unijibu moja tu mbele ya kulala: mulipokuwa munapita pale mto Rutshuru unaingia ziwani, mulikuwa munahesabu na zile ndogo zenye ziko nyuma ya mafunjo upande wa kushoto? Maana pale ndiko mama wanazalia.